Plaizi ya kutolea raba za ekzosi: nimeitumia chini ya IST, Noah na Forester

Plaizi hii ya kutolea raba zinazotundika bomba la ekzosi chini ya gari niliinunua Gerezani, Dar es Salaam, kwa shilingi 38,000. Muuzaji alianzia 50,000, tukavutana mpaka tukakutana hapo. Haina jina la kampuni, imepakwa rangi nyeusi, na mishikio yake imevishwa plastiki nyekundu. Urefu wake ni kama shubiri moja na vidole vitatu. Nawaandikia mafundi wenzangu, pamoja na wenye magari wanaopenda kushika spana wenyewe, kwa sababu kifaa hiki hakizungumzwi sana mtaani ilhali kazi yake tunakutana nayo kila mara.

Kwa ambaye hajawahi kuishika, siri yake iko kwenye mataya. Taya moja limegawanyika panda, na limepinda kidogo ili mkono wako usigonge bodi ya gari. Taya la pili lina kidole kifupi, butu, kilichonyooka. Panda unaipitisha nyuma ya raba, upande ambako pini, yaani kijiti cha chuma kinachopita kwenye tundu la raba, imechomelewa, ili iikumbatie pini kushoto na kulia. Kidole unakiweka kwenye ncha ya pini, pale inapochomoza nje ya raba. Ukibana mishikio, panda inaivuta raba itoke na kidole kinaizuia pini isisogee. Nguvu yote inakwenda pale inapotakiwa. Hakuna kitu kinachoning'inia, hakuna kinachoteleza, na bomba halibembei usoni kwako.

Mimi nafanyia kazi Tanga, gereji ya uwanjani huku Ngamiani. Lifti hatuna. Gari linapandishwa kwa jeki, linakalishwa kwenye stendi, na fundi analala chini juu ya boksi lililokunjuliwa. Ukiwa umelala chali, huwezi kuweka uzito wa mwili kwenye mtaimbo. Mikono tu ndiyo inafanya kazi, tena imenyooshwa juu, na kutu inakudondokea. Fundi mwenye lifti anaweza kuona plaizi hii ni anasa. Kwetu sisi wa chini, hali ni nyingine kabisa.

Halafu kuna bahari. Magari ya huku yanakula chumvi. Pini ya ekzosi ni chuma cha kawaida tu, na kutu ikishaanza, inachukua nafasi zaidi ya mara 2 ya ile iliyochukuliwa na chuma chenyewe. Maana yake pini inanenepa ndani ya tundu la raba. Upande wa pili joto la bomba linaikausha raba mwaka hadi mwaka mpaka inakuwa ngumu na haitanuki tena. Na juu ya yote hayo, ncha ya pini imetengenezwa kwa makusudi ikiwa na kichwa kilichopanuka kama uyoga, ili raba isichomoke gari likipita kwenye matuta. Kwa hiyo raba inatakiwa itanuke ndipo ipite kichwani, nayo imeshasahau kutanuka.

Wengi wetu tunafahamu njia za mtaani. Bisibisi bapa unaichomeka kati ya raba na kikamatio, kile chuma cha kwenye bodi kinachoshika raba, unapindua, inateleza, na vidole vinakwenda kwenye ukingo wa kinga ya joto, ile bati nyembamba inayokata kama nini. Mtaimbo unang'oa raba kweli, lakini mara nyingi unakunja pini, na pini iliyokunjwa hutundika bomba upande. Sailensa ikianza kugonga bodi mteja anarudi. Wengine wanachoma raba kwa gesi. Hili naliandika bila kupepesa macho: usiwashe moto chini ya gari kwa ajili ya raba. Tangi la mafuta na mipira yake viko palepale, na raba inayoungua inatoa moshi mzito unaoshika koo.

Njia inayopendwa kuliko zote ni kisu. Kata, tupa, weka nyingine. Mzee wetu wa gereji, ambaye amenifundisha mengi tangu nilipotoka VETA, ni mtu wa kisu. Siku nilipokuja na plaizi hii alikuwa akiniangalia nikihangaika na raba ya nyuma ya IST.

"Mwanangu, kata hiyo. Raba ni elfu tano tu, unajitesea nini?"

"Mzee, hii ni ya Japani bado. Nikiikata sipati kama hii hapa mjini."

Alinyamaza. Alijua ninachosema, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye anayelalamika kila siku kuhusu raba za siku hizi.

Hapo ndipo ulipo uzito wa tathmini yangu yote. Magari yetu mengi yamekuja yakiwa yametumika Japani, na raba zilizomo ni zile zile za kiwandani. Hata ikiwa na miaka 15, raba ya kiwandani ukiibinya kwa vidole inarudi, na ukiikunja huoni nyufa nyingi. Zile za bei poa zinazouzwa kwenye maduka ya spea, nyingi zinaanza kupasuka kwenye mdomo wa tundu mapema mno, hasa zikikaa karibu na bomba la mbele lenye moto mkali. Nimezifunga, nikazitoa zikiwa zimechanika. Kwa hiyo fundi anayekata raba nzima ya kiwandani ili aokoe dakika chache anamwondolea mteja kitu bora na kumwekea dhaifu, tena kwa gharama ya mteja huyo huyo. Jambo hili linaniuma. Mteja hajui, hawezi kulala chini ya gari kuangalia, ametuamini sisi.

Na hadithi huwa haiishii kwenye raba dhaifu. Ikikatika njiani, mtu wa kwanza kumsaidia anafunga ekzosi kwa waya au kwa kipande cha mpira wa tairi ya ndani. Mpira wa tairi unavumilia kidogo. Waya hapana. Ekzosi haikutundikwa kwa raba kwa ajili ya urembo. Injini inacheza juu ya mauntingi zake, zile raba inazokalia, kila unapowasha na kila unapokanyaga mafuta, na bomba linacheza pamoja nayo. Zaidi ya hapo, chuma kikipata moto kinarefuka: kila mita 1 ikipanda joto kwa nyuzi 100 inaongezeka zaidi ya milimita 1, na bomba linalotoka injini hadi bampa la nyuma ni mita kadhaa. Ukilifunga kwa waya umelinyima nafasi ya kwenda na kurudi. Mtikisiko unaingia kwenye bodi, abiria anausikia kwenye kiti, kisha fleksi, kile kipande cha bomba kinachopindika, inapasuka au gasketi ya mbele inaanza kuvuja. Mteja anakuja na ugonjwa mkubwa uliotokana na raba moja.

Turudi kwa IST. Gari lilikuwa la mwalimu mmoja, sailensa imetoboka na inahitaji kwenda kwa mchomeleaji. Raba ya nyuma, ile iliyo karibu na bampa, ilikuwa imegandiana na pini kiasi kwamba ukiisukuma kwa kidole gumba inatikisika yote pamoja na bomba. Kwanza niliweka jeki ndogo chini ya sailensa, na kipande cha ubao juu yake, nikainyanyua kidogo tu mpaka uzito ukatoka kwenye raba. Usiruke hatua hii hata uwe na plaizi ya dhahabu. Raba iliyobeba mzigo inabana pini upande mmoja, na hapo utavuta mpaka jasho likuishie.

Kisha nikapiga brashi ya waya kwenye ncha ya pini. Kutu ilitoka kwa magamba, magamba makubwa ya kuweza kuyaokota. Nikachukua sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, nikaichanganya na maji kidogo sana, nikaidondosha kwenye mdomo wa tundu pande zote mbili huku nikiichezesha raba ili sabuni ipenye. Nikaiacha nikaenda kufungua nati za flenji ya kati. Niliporudi, nikapitisha panda nyuma ya raba, nikakalisha kidole kwenye ncha, nikabana. Mwanzoni hakuna kilichotokea. Nikaachia, nikaizungusha plaizi robo mzunguko, nikabana tena. Safari hii ulisikika mlio mfupi wa mpira kuachana na chuma, na ukingo wa raba ukaanza kupanda kichwa cha pini. Nikabana mara nyingine, raba ikatoka nzima, na ndani ya tundu kukaonekana pete ya kutu ya kahawia. Mzee aliiokota, akaipindapinda, akaifuta kwenye ovaroli lake, akaniambia niioshe niirudishe. Tangu siku hiyo naye huwa ananiomba plaizi.

Neno kuhusu vilainishi, maana hapa wengi wanakwenda kombo. Raba nyingi za ekzosi zimetengenezwa kwa mpira wa EPDM, ambao unastahimili joto na jua lakini haupatani na mafuta ya petroli. Ukiupaka grisi, oili chafu au dizeli, utateleza kweli siku hiyo, ila unafyonza mafuta, unavimba na kulegea. Kama raba unaitupa, paka unachotaka. Kama unairudisha, tumia sabuni na maji, au spreyi ya silikoni ukiweza kuipata. Dawa za kutu za kupuliza nazo nyingi zina mafuta ya petroli ndani, kwa hiyo mimi nazipuliza kwenye nati, siyo kwenye raba ninayotaka kuitunza. Ikiwa raba ni ngumu mno, kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto na kuzungushiwa juu yake kwa muda kinailegeza vizuri bila kuiunguza.

Kwenye Noah, kazi ilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Gari liko juu, nafasi ya mikono ipo, na raba za kati zilitoka kwa kubana mara moja moja. Hapo plaizi ilinifurahisha kwa jambo lingine: nilifanya kazi kwa mkono mmoja huku mwingine ukishikilia bomba. Dogo tunayemfundisha alikuwa ametumwa dukani, na sikulazimika kumsubiri arudi anishikie.

Forester ndiyo iliyonionesha mipaka ya kifaa. Raba moja ilikaa mahali ambapo ncha ya pini inatazama bodi, na kati ya ncha na bati palipita vidole viwili tu. Kidole cha plaizi hakikuweza kuingia kikiwa kimenyooka. Nilichofanya ni kufungua kikamatio chenyewe kutoka kwenye bodi, bolti zake zilikuwa zinafikika, nikashuka na raba ikiwa imeshikilia, nikaitoa nje nikiwa nimekaa kwa raha. Kwa hiyo kabla hujapigana na raba iliyojificha, tazama kama kikamatio kinafunguka. Magari mengine yana vikamatio vya bolti, mengine vimechomelewa na hapo huna ujanja huo.

Sasa kasoro, maana nimelipa fedha yangu na nina haki ya kuzisema. Panda ya hii niliyoipata ni nene mno. Kwenye raba ambazo zinakaa karibu sana na kikamatio, haipenyi nyuma. Ilinibidi nikae na tupa niipunguze upande wa ndani, kidogo kidogo, nikiacha unene wa kutosha isije ikavunjika. Baada ya hapo inapenya karibu kila mahali. Mtengenezaji angeifanya hivyo toka kiwandani, hata kwa kuongeza bei kidogo. Pili, plastiki ya mishikio inachomoka mikono ikiwa na sabuni au oili. Niliivua, nikafunga mpira wa tairi ya baiskeli na gundi, sasa inashika. Tatu, haina springi, kwa hiyo kila ukibana inakupasa uifungue mwenyewe kwa mkono, na ukiwa chali hilo linachosha. Na riveti ya kati ilikuja kavu kabisa. Tone la oili na kuifungua na kuifunga mara nyingi vikailainisha.

Upana wa mataya nao una kikomo. Kwa magari madogo, hata Kirikuu, unatosha. Ukiipeleka kwenye Canter au Fuso, raba ni nene na pini ni ndefu, mataya hayafiki. Kwa malori usiinunue. Vilevile kuna magari ya zamani ambayo ekzosi imetundikwa kwa raba ya duara, pete iliyoshikwa na ndoano mbili. Pale hakuna pini ya kusukuma, kwa hiyo plaizi hii haina kazi. Nyanyua bomba kwa jeki, ivute raba kwa ndoano ya waya mnene, itatoka. Na kama kichwa cha pini kimepondwa na nyundo za mafundi waliotangulia, hakuna plaizi itakayopitisha raba hapo. Tengeneza kichwa kwanza kwa tupa, rudisha mviringo wake, ndipo uvute.

Watu huniuliza kama inarudisha raba pia. Kwa raba laini, nageuza plaizi: panda inakaa mbele ya raba na kidole kinashika nyuma ya kikamatio, ikiwa kuna mahali pa kushika. Ila kwa kawaida kurudisha hakuhitaji kifaa. Pini ikishasafishwa kwa brashi ya waya na kichwa kupakwa sabuni, raba inaingia kwa mikono miwili ukiisukuma huku unaizungusha. Jambo la kuzingatia ni kuirudisha raba kwa mwelekeo ule ule iliyotoka nao. Raba nyingi zina upande mnene wa kubeba mzigo na nyingine zina ukanda wa chuma au wa nyuzi ndani yake. Mimi huweka alama ya chaki kwenye upande wa chini kabla ya kuitoa. Ukimaliza, shusha jeki ya sailensa polepole, tikisa bomba kwa mkono kila upande, na hakikisha haligusi bodi wala propela. Kisha washa injini na usikilize kabla hujamwita mwenye gari.

Thamani yake kwa fedha, naiona hivi. Gari dogo lina raba kama 4 hivi. Ukimwekea mteja mpya zote kwa elfu tano tano, ni 20,000 ambayo hakuwa na sababu ya kuitoa. Magari mawili tu na plaizi imeshapita bei yake. Lakini faida ninayoijali zaidi ni mikono. Sijajikata tena kwenye bati za kinga ya joto tangu nianze kuitumia. Kwa mtu ambaye riziki yake iko kwenye vidole, hilo lina bei yake. Mwenye gari anayefanya kazi ndogo ndogo nyumbani, labda anashusha ekzosi mara moja kwa miaka mitatu, aazime kwa jirani fundi. Fundi wa gereji, hasa wa pwani, anunue.

Ukienda kuinunua, usikubali kuikagua kwa macho tu. Ifungue mpaka mwisho, uone kama mataya yanapata angalau upana wa vidole vinne, kwa kuwa zipo fupi zinazofanana nayo kabisa na hazifai. Ifunge, na utazame kama kidole kinaangukia katikati ya panda. Ile ya kwanza niliyopewa dukani kidole kilikuwa kimekwenda upande. Ukiibana kwenye pini ingeteleza na kuchana raba, nikaomba nyingine. Pitisha kucha kwenye kingo za panda, ikiwa ina makali yaombe yapigwe tupa au upunguziwe bei. Ishike riveti na uitikise kushoto na kulia. Ikicheza sasa hivi ikiwa mpya, itacheza zaidi ukianza kuibana kwa nguvu. Muuzaji akiwa na raba yoyote ya ekzosi na kipande cha pini mezani, mwombe uijaribu hapo hapo. Wa kwangu alikubali, akanisogezea na kigoda.

Na miwani ya kazi uinunue siku hiyo hiyo, zipo za bei ndogo mtaa ule ule. Kutu ya ekzosi inadondoka moja kwa moja machoni, na bomba liache lipoe kabisa kabla hujaligusa.